Nyumbu wa Serengeti, Mapigo ya Moyo na Tofauti za Vipimo

Wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, zinapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ambako historia ya kuhesabu nyumbu inaeleza vyema tofauti za vipimo, yaani hali ya kitu kilekile kutoa namba zisizolingana kinapopimwa zaidi ya mara moja.

Mwaka 1958 Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walihesabu nyumbu kwa macho, wakiwa ndani ya ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia, wakapata 99,481. Mwaka 1961 watafiti Lee Talbot na D.R.M. Stewart, waliotegemea picha zilizopigwa kutoka angani, walipata zaidi ya 200,000. Kwa kuwa nyumbu jike huzaa ndama mmoja kwa mwaka, na wengi wa ndama hao hufa wakiwa wachanga, uzazi peke yake hauelezi pengo hilo. Huenda sehemu yake kubwa ilitokana na njia ya kuhesabu, kwani jicho hupitwa na wanyama wengi pale kundi linaposongamana.

Hata hivyo, ongezeko lililofuata lilikuwa la kweli. Sotoka, ugonjwa wa virusi ulioingia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kuua ng'ombe na nyumbu, ulitoweka miongoni mwa nyumbu miaka ya 1960, baada ya ng'ombe wa wafugaji waliozunguka hifadhi kuchanjwa, na kufikia mwisho wa miaka ya 1970 nyumbu walikuwa wamezidi milioni 1.

Darasani, Mugumu wilayani Serengeti au Tarime mjini, tofauti hiyohiyo kati ya kosa la kuhesabu na badiliko la kweli huonekana bila ndege, kwa kuhesabu mapigo ya moyo. Tangu daktari Mwingereza John Floyer alipochapisha kitabu chake mwaka 1707 kuhusu saa ya kuhesabia mapigo kwa dakika moja, kazi hiyo imekuwa nyepesi: mwanafunzi hugusa mshipa wa kifundo cha mkono kwa sekunde 15, kisha huzidisha kwa 4. Akihesabu mapigo 18 hupata 72 kwa dakika, lakini pigo moja likimponyoka hupata 68, ingawa moyo haukubadilika. Akipanda mlima mbio na kupata 120, badiliko hilo ni la moyo wenyewe.

Kwa hiyo, kabla ya kudai kwamba wanyama wameongezeka au moyo umeenda mbio, ni lazima kuuliza nani alihesabu, kwa njia gani na mara ngapi.