Breki Zilizomo Ndani ya Titi



Fikiria lori lililojaa ndizi likielekea soko la Gakoromone. Haliendi bila mafuta, lakini likifika mteremkoni, usalama wake ni breki. Titi nalo ni hivyo. Msichana anapobalehe, mama anaposhika mimba na anaponyonyesha, seli za titi huongezeka. Baadaye lazima zitulie. Breki zinazozituliza ni protini ambazo mwili hujitengenezea wenyewe. Breki zikiharibika, seli huongezeka ovyo, na hiyo ndiyo saratani.

Je, breki hizi zilijulikanaje? Mwaka 1979 wanasayansi waligundua protini waliyoiita p53. Kwanza waliishuku kuwa ndiyo inayoleta saratani. Mwaka 1989 ikabainika kwamba walimshika mlinzi wakidhani ni mwizi! Kazi yake ni kuisimamisha seli iliyoharibika isigawanyike, au kuiua kabisa.

Mwaka huohuo, watafiti wa Michigan, Marekani, walieleza kuhusu mammastatin, protini ya seli za titi lenye afya inayozuia seli za titi kukua. Watu walipata matumaini, lakini haijawa tiba iliyothibitishwa.

Mwaka 1990, Mary-Claire King alionyesha kwamba kuna familia zinazorithishana hatari ya saratani ya titi. Kinasaba chenyewe, BRCA1, kilipatikana mwaka 1994. Protini yake husaidia kukarabati DNA ya seli. Anayerithi kinasaba kilichoharibika, kutoka kwa mama au kwa baba, yumo katika hatari zaidi. Hata hivyo, wagonjwa wengi hawakurithi ugonjwa huu.

Mwaka 2002, utafiti uliokusanya matokeo kutoka nchi 30 ulionyesha kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari ya saratani ya titi kwa takriban asilimia 4. Lakini kumbuka, hata mama aliyenyonyesha anaweza kuugua.

Historia hii inatufunza nini, mama? Kwanza, saratani si laana wala uchawi. Usimlaumu mgonjwa, usimfiche. Pili, breki hizi haziuzwi sokoni. Maharagwe, mayai na maziwa ni chakula bora, lakini protini zake husagwa tumboni. Haziendi moja kwa moja kuzuia seli za titi. Mtu akikuuzia unga au mizizi akidai inayeyusha uvimbe, usimpe pesa zako, na zaidi ya yote, usimpe muda wako. Muda ndio unaookoa maisha.

Yajue matiti yako. Ukihisi uvimbe titini au kwapani, ukiona ngozi imebonyea au imekuwa kama ganda la chungwa, chuchu imeingia ndani ilhali haikuwa hivyo, au inatoa damu, nenda hospitali wiki hiyohiyo. Usingoje maumivu, kwani mara nyingi uvimbe wa saratani hauumi mwanzoni. Usiogope pia, kwa maana uvimbe mwingi wa titi si saratani. Lakini ni vipimo vya hospitali vitakavyokuambia, si jirani.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mweleze dada yako na binti yako haya uliyosoma leo.