Anwani ya Kifaa Ndani ya Mashine Pepe

Katika rasimu moja ya tafsiri iliyofika mezani petu, mwongozo wa kompyuta kubwa, tulikutana na maneno "diski ya uongo namba 191". Mfasiri hakuwa mzembe, alifuata kamusi. Lakini karani ambaye angeusoma mwongozo ule angedhani kwamba kumbukumbu atakazoziweka humo si kumbukumbu, ilhali zimeandikwa katika diski halisi na kesho yake atazikuta. Ilitulazimu kurudi nyuma na kuuliza maneno haya yalizaliwaje.

IBM ilipotangaza kompyuta zake za System/360, tarehe 7 Aprili 1964, kila kifaa kilichounganishwa nazo kilikuwa na anwani. Anwani hiyo iliandikwa kwa tarakimu tatu za hesabu iendayo kwa kumi na sita, ambamo baada ya 9 hufuata herufi A hadi F. Tarakimu ya kwanza ilitaja chaneli, yaani njia ipitishayo data. Ya pili, kwa kawaida, ilitaja kidhibiti kilichofungwa kwenye chaneli hiyo. Na ya tatu kifaa chenyewe. Basi 191 ilisomeka kama mgeni anavyoelekezwa nyumba: barabara ya 1, uchochoro wa 9, mlango wa 1. Neno anwani lilikuwa mahali pake.

Mwaka huohuo, katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts, wahandisi wa IBM wakiongozwa na Robert Creasy walianza kuunda mfumo wa CP-40, ulioanza kutumika Januari 1967. Mfumo huo uliigawa kompyuta moja hata ikaonekana kuwa kompyuta kumi na nne, na kila mtumiaji akajiona anayo yake peke yake. Kwanza wahandisi hao waliziita kwa jina lenye maana ya mashine bandia. Baadaye waliazima neno jingine kutoka M44/44X, mradi mwingine wa kampuni hiyo, nalo ndilo tunalolifasiri leo kwa "pepe". Kwa maoni yetu walifanya vema. Kitu bandia humhadaa mwenye kukitumia; mashine hii kila inachoagizwa hukitenda.

CP-40 ilifuatwa na CP-67, kisha VM/370, iliyotangazwa mwaka 1972. Humo ndimo anwani ilipogeuka kimyakimya. Katika mashine pepe konsoli huwa 009, kisoma kadi 00C, kitoboa kadi 00D, printa 00E, na diski ya mtumiaji 191. Watumiaji mia waweza kuwa na 191 mia, wala hakuna anayemkanyaga mwenzake. Programu iliyomo katika mashine pepe inapoamuru 191 isomwe, amri hiyo haifiki kwenye chaneli. Msimamizi, ambaye ndiye programu inayotawala kompyuta halisi, huidaka, akatazama katika majedwali yake 191 ya mtumiaji huyo ni kipande gani cha diski gani. Tuseme ni silinda 30 kuanzia ya 100 katika diski halisi 330. Mtumiaji akitaka silinda ya 5, msimamizi huenda ya 105. Na kazi ikiisha, taarifa humrudia mtumiaji kwamba 191 imemaliza. Hiyo 330 haitajwi kamwe mbele yake.

Tena mtu aweza kuruhusiwa kuisoma 191 ya mwenzake akaiita 291 katika mashine yake. Kipande ni kilekile, majina ni mawili. Hapo barabara, uchochoro na mlango vyote vimekwisha kutoweka. Kilichobaki ni jina la kuitania.

Jambo hilo halikuishia katika mashine pepe. Usanifu wa 370-XA, uliotangazwa mwaka 1981, uliziachia chaneli zenyewe kazi ya kuchagua njia, na kifaa kimoja kikaweza kufikiwa kwa njia hadi nane. Kifaa kikapewa tarakimu nne ambazo wenye mtambo hujipangia wapendavyo. IBM yenyewe ikaacha kuziita tarakimu hizo anwani, ikaziita namba ya kifaa. Kwa sababu hiyo tunawashauri wafasiri waandike "anwani ya kifaa" katika maandishi ya System/360 na VM/370, na "namba ya kifaa" katika yale yaliyofuata usanifu mpya. Anayeandika anwani kotekote humpeleka fundi kutafuta njia isiyosemwa na tarakimu.

Kuhusu "pepe" tumesikia manung'uniko, na yana haki. Mkulima wa mpunga ajua kwamba pepe ni punje isiyo na kitu ndani, naye atashangaa kuambiwa kwamba diski pepe imejaa. Hata hivyo barua pepe imekwisha kulizoesha neno hili kazi nyingine, na hakuna aifunguaye akitarajia kuikuta tupu. Mfasiri wetu tulimwandikia aweke "diski pepe 191", na kwamba popote litokeapo mara ya kwanza aeleze kuwa ni kipande cha diski halisi. Alikubali, ila akauliza kuhusu 00D, kwa kuwa wasomaji wake hawajapata kuona kadi ya kutobolewa. Katika z/VM, mrithi wa VM/370, kifaa hicho kingali kipo kwa namba ileile, na watu hukitumia kupelekeana mafaili. Tulimjibu aandike kitoboa kadi.