Kutoka Waya wa Caselli hadi Roboti ya Telegram

Mwaka 1843, Alexander Bain, fundi wa saa kutoka Uskoti, alipata hataza ya mashine ya kunakili maandishi na michoro kwa nguvu ya umeme. Telegrafu ya zama zake ilibeba ishara za maandishi tu. Yeye alitaka ibebe umbo. Kanuni aliyoiasisi haijabadilika hadi leo: picha haisafiri ikiwa nzima. Hugawanywa mistari, mstari hugawanywa vipande, kila kipande kikawa ishara, na mwisho wa waya vyote hupangwa upya. Ugumu ulikuwa kuzilazimisha mashine mbili zilizo mbali ziende kwa mwendo mmoja, na hapo Bain hakufika mbali.

Aliyefika ni kasisi wa Kiitalia, Giovanni Caselli. Akiungwa mkono na Kaisari Napoleon III, alianzisha huduma ya pantelegrafu kati ya Paris na Lyon mwaka 1865. Mteja aliandika kwa wino usiopitisha umeme juu ya bamba jembamba la bati. Sindano iliyoendeshwa na pendulamu ililipitia bamba hilo mstari kwa mstari, na Lyon, karatasi iliyolowekwa kemikali ikachora alama zilezile kwa rangi ya buluu. La kushangaza ni kwamba mashine yenye uwezo wa kupeleka mchoro wowote ilitumiwa zaidi kupeleka sahihi. Wenye benki hawakuhitaji sanamu. Walihitaji kujua kama anayeamuru fedha zitolewe ndiye mwenyewe. Tangu siku zake za mwanzo, basi, picha ya mbali ilikwenda sambamba na suala la uthibitisho.

Karne ya 20 iliikabidhi kazi hii kwa magazeti. Mwaka 1907 Mjerumani Arthur Korn, akitumia seleniamu, elementi ambayo upitishaji wake wa umeme hubadilika kwa kadiri ya mwanga, alituma picha kutoka Munich hadi Berlin. Katika miaka ya 1920 mfumo wa Bartlane uliyageuza mabadiliko ya weusi na weupe kuwa misimbo, na picha iliyohitaji zaidi ya wiki kuvuka Atlantiki kwa meli ikavuka kwa kebo ya baharini chini ya saa tatu. Shirika la habari la Associated Press lilizindua huduma yake ya picha kwa waya tarehe 1 Januari 1935. Katika zama zote hizo, hata hivyo, kila picha ilisimamiwa na fundi mwenye mitambo ya gharama kubwa, na mtu wa kawaida alibaki mtazamaji.

Kompyuta ndiyo iliyovunja ukiritimba huo, ingawa polepole. Mwaka 1957 Russell Kirsch, nchini Marekani, aliingiza katika kompyuta picha ya mwanawe mchanga, yenye pikseli 176 kwa 176. Kanuni ya hisabati aliyoichapisha Nasir Ahmed na wenzake mwaka 1974 ikawa msingi wa kubana picha kwa mfumo wa JPEG, uliotoka mwaka 1992. Mwaka 1997 Philippe Kahn aliunganisha kamera na simu ya mkononi akawatumia jamaa na marafiki picha ya bintiye aliyezaliwa siku hiyo. Kwa Afrika Mashariki, iliyotegemea setilaiti za bei ghali, mlango wa intaneti ulifunguka kwa upana mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Mombasa na Dar es Salaam.

Mkondo wa pili ulikuwa ukitiririka pembeni: programu zinazojibu zenyewe. ELIZA ya Joseph Weizenbaum ilizungumza kwa maandishi mwaka 1966. Eggdrop ilianza kulinda vyumba vya mazungumzo vya IRC mwaka 1993. Mikondo hiyo ilikutana katika Telegram, iliyozinduliwa mwaka 2013, pale ilipowafungulia waandishi wa programu jukwaa la roboti tarehe 24 Juni 2015. Seva hutoa amri ya sendPhoto, ikitaja namba ya mazungumzo na picha isiyozidi megabaiti 10, na picha huwasili bila mkono wa mtu. Picha iliyokwisha kupakiwa hupewa kitambulisho, na inaweza kutumwa tena kwa maelfu bila kupakiwa upya. Mipaka ipo. Roboti haiwezi kumwanza mtu ambaye hajaianza yeye, na picha iliyotumwa kwa amri hiyo hubanwa. Anayetaka ramani au risiti ibaki na ukali wake huituma kama faili.

Fundi ameondoka, lakini hitaji la wenye benki wa Ufaransa limebaki. Roboti hutambuliwa kwa tokeni, mfuatano wa herufi na tarakimu ambao mwenye roboti hupewa na BotFather, roboti ya Telegram yenyewe inayosajili roboti nyingine. Atakayeinasa tokeni hiyo hutuma picha kwa jina la roboti, na mpokeaji hana njia ya kutambua tofauti. Kinga iliyopo ni mwenyewe kurudi kwa BotFather na kuomba tokeni mpya. Ile ya zamani hukoma kufanya kazi.