Redio za bei ya chini: namba ya kwenye batri inadanganya

Redio ndogo za USB zinapendwa sana Bukavu na Goma, juu hazigharimu sana na umeme unakatika kila mara. Lakini nyingi zinatoka kiwandani bila kupimwa moja moja. Unakuta mbili za aina ileile: moja inashika FM vizuri, ingine inapiga kelele tu.

Shida kubwa ni batri. Ile ya duara inaitwa 18650, maana upana wake ni milimita 18, urefu 65. Hata ile ya kweli kabisa haipiti sana mAh 3.500. Zingine zimeandikwa 9.900! Mwenye kuinunua kijijini anakosa habari mbele ya saa mbili za usiku.

Kazi ya kupima bidhaa zinazoingia inchini ni ya OCC, lakini mzigo unaopita njia za panya hauifikii. Basi, mbele ya kulipa, mnunuzi awashe redio bila waya wa umeme, apandishe sauti mpaka mwisho, aitikise kidogo. Ikikatika, labda nyaya za ndani hazikulehemiwa vizuri. Garanti nayo iandikwe kwenye karatasi, hata ya siku tatu.