Mashahidi Wawili wa Mtoto Mgonjwa

Mtu mzima aendapo kwa tabibu huenda na ulimi wake, akaeleza mahali panapomuuma na siku maumivu yalipoanza. Ama mtoto mchanga hana hoja ila kilio, na kilio hicho, kwa sikio la mgeni, ni kile kile awapo na njaa, awapo na homa au awapo na usingizi. Kwa sababu hiyo taarikhi ya utabibu wa watoto ni taarikhi ya kutafuta mashahidi, na waliopatikana ni wawili: mwili wa mtoto mwenyewe, na mama aliyekesha naye. Shahidi wa kwanza aliaminiwa mapema. Wa pili alingoja sana kabla maneno yake hayajahesabiwa kuwa ni ilimu.

Miongoni mwa waliotangulia hasahauliki Abu Bakr Muhammad bin Zakariya al-Razi, mzaliwa wa mji wa Rayy katika Uajemi, aliyefariki yapata mwaka 925. Huyu alizoea kuandika habari za wagonjwa mmoja mmoja, na katika risala yake mashuhuri juu ya ndui na shurua alifundisha kuwa maumivu ya mgongo huzidi katika ndui, ilhali wasiwasi na kichefuchefu huzidi katika shurua. Ni mizani nzuri ya kupambanua maradhi yanayofanana. Walakini maumivu ya mgongo ni jambo la kuambiwa, na mtoto wa miezi 6 hana njia ya kulisema.

Ulaya ilichelewa hata kuwapa watoto mahali pao pa kulazwa. Paris ilifungua hospitali ya watoto wagonjwa mwaka 1802, na London haikupata yake ila mwaka 1852, Charles West alipoanzisha ile ya Great Ormond Street kwa vitanda 10. West alifundisha kuwa mtoto atazamwe kabla ya kushikwa, na ikiwezekana angali amelala, pumzi na mapigo ya moyo vihesabiwe kabla hofu ya mgeni haijavivuruga. Tabibu Mfaransa Laennec naye alikuwa amekwisha kuvumbua, mwaka 1816, chombo cha kusikilizia kifua, na tangu hapo mwili ukazidi kupata wakalimani: kipimajoto, mizani, eksirei, maabara. Kila chombo kilileta faida isiyokanushika, na kila kimoja kilimsogeza mama hatua moja nyuma ya mlango wa wodi.

Miongoni mwa waliomrudisha ndani, wa kutajwa kwanza ni mwanamke. Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica, alifika Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, mwaka 1929, akatibu watoto mjini Accra. Aliwaona wale wa umri wa mwaka 1 hadi 4 wamevimba miguu na mikono, ngozi imebambuka, nao wakifa, ilhali vitabu vya wakati ule havikuwa na maelezo ya kumtosheleza. Hakuishia kuukagua mwili. Aliwauliza wanawake wenyeji, wakamweleza kwamba maradhi hayo humpata mtoto aliyeachishwa ziwa kwa kuwa mwenziwe amezaliwa. Katika jibu hilo mlikuwa na umri, sababu na chakula kwa pamoja, maana maziwa yalikuwa yamekoma na mahali pake pamekaa uji wa mahindi. Aliandika mwaka 1933, na wapo wakubwa wa fani waliombishia kuwa hiyo ni pelagra tu. Akaandika tena mwaka 1935, mara hii akiyaita maradhi kwa jina lile lile la wanawake hao, kwashiorkor, nayo ndiyo unyafuzi tunaoujua.

Miaka ya 1950 Mwingereza David Morley, aliyefanya kazi Ilesha na katika kijiji cha Imesi-Ile nchini Nigeria, alitengeneza kadi ya uzito yenye mstari wa kupanda, akaamua, kinyume cha desturi ya hospitali, kuwa kadi ikae nyumbani kwa mama. Habari za mtoto zilizokuwa zikifungiwa makabatini zikawa mkononi mwa mwenye mtoto, naye, hata asiyejua kusoma, akaweza kuona kwamba mstari umelala kabla mtoto hajalala. Mkoani Iringa, katika miaka ya 1980, mizani ilitoka zahanati ikaenda vijijini, na matokeo yakajadiliwa na wanakijiji wenyewe.

Hesabu ya pumzi nayo ilirudi kwa njia nyingine. Huko Goroka, Papua New Guinea, Frank Shann na wenzake walionyesha mapema miaka ya 1980 kuwa mhudumu asiye na eksirei aweza kutambua nimonia kwa kuhesabu pumzi na kutazama kifua kinachobonyea mtoto avutapo hewa. Ndipo ikawekwa mipaka inayofuatwa zahanati: pumzi 60 au zaidi kwa dakika kwa aliye chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi 12, na 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliziunganisha dalili hizi katika utaratibu mmoja unaoanza kwa kumwuliza mama: je, mtoto aweza kunywa au kunyonya? Hutapika kila kitu? Amepata degedege? Utaratibu huo ulipojaribiwa Morogoro Vijijini na Rufiji kuanzia 1997, vifo vya watoto walio chini ya miaka 5 katika muda wa miaka 2 vilikuwa pungufu kwa 13% kuliko Kilombero na Ulanga, wilaya za kulinganishia ambako haukutumika.

Swali la degedege latosha kudhihirisha ugumu uliobaki. Jamaa wengi mwambao na bara walilihesabu kuwa ni jambo la shetani lisilopatana na sindano, wakaanza kwa mganga wa kienyeji, kwa mafusho na hirizi, kisha ndipo hospitali. Mama aliyepitia njia hiyo, akikaripiwa mbele ya watu kwa kuchelewa, atasema mtoto ameanza kuugua jana, na hesabu yote ya tabibu itajengwa juu ya siku isiyo ya kweli. Bali akipewa kiti, akaitwa mama fulani kwa jina la mwanawe, akaachwa aseme mpaka amalize, ataitaja siku, dawa na mganga. Adabu ya kuuliza, basi, si pambo la utabibu, ni sehemu ya kipimo chenyewe, na vyuo vyetu vyapaswa kuifundisha na kuitahini kwa bidii ile ile vinayotumia katika kuhesabu pumzi.