Hifadhi Si Akiba: Historia ya Istilahi Moja na Somo la Mkoa wa Mara

Katika makala haya tunakusudia kulichunguza neno ambalo limetwishwa mzigo mkubwa kuliko nguvu zake, nalo ni neno hifadhi. Katika programu za kompyuta zilizofasiriwa kwa Kiswahili, neno hili hutaja tendo la kuweka kazi ili isipotee; hutaja pia mahali data zinapowekwa; tena, likiunganishwa na neno nakala, hutaja nakala ya pili inayotunzwa kwa ajili ya siku ya maafa. Maana hizi tatu ni mbalimbali, na mtumishi anayezichanganya aweza kupoteza kumbukumbu za wilaya nzima.

Mkoa wa Mara unatupatia mifano ya kuzipambanua. Katika Wilaya ya Bunda, penye lango la Ndabaka, neno hifadhi huwakumbusha watu Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951. Ni mahali palipolindwa ili kilichomo kisiharibiwe. Huko Butiama, Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, yaliyofunguliwa mwaka 1999, nayo yanahifadhi. Kifaa alichokitumia Mwalimu kwa mkono wake kikiteketea, hakuna cha kukirudisha. Kwa hiyo kuhifadhi ni kukilinda kitu chenyewe. Wazo la kitu cha pili, kilichowekwa mbali na cha kwanza, halimo ndani ya neno hilo.

Wazo hilo tunalipata Musoma. Chini ya utawala wa Waingereza, makao ya wilaya yalikuwa na Kitabu cha Wilaya, ambamo maofisa waliandika habari za watemi, mila, ardhi na historia ya wenyeji. Kitabu cha Musoma kilihusu eneo pana kuliko wilaya ya leo: Butiama ilikuwamo, na Ikizu pia, ambayo sasa imo katika Wilaya ya Bunda. Usalama wa kitabu cha namna hiyo ulitegemea kabati, ufunguo na bahati; mchwa na moto havisomi muhuri wa serikali. Baada ya Uhuru iliundwa idara ya Nyaraka za Taifa mwaka 1963, na sheria yake ikatungwa mwaka 1965. Vitabu vya wilaya vilipigwa picha katika mikrofilamu, na nakala zake zikawekwa hata ng'ambo. Hapo ndipo kumbukumbu hizo zilipopata akiba.

Wazee wa Mara ya kusini nao waliandika kwa Kiswahili historia za watu wao. Miswada ya aina hiyo hukaa nyumbani, pengine nakala moja tu. Mwaka 2003 mwanahistoria Jan Bender Shetler alihariri mkusanyiko wa historia hizo, ukachapwa huko Leiden, Kiswahili na Kiingereza pamoja. Tangu hapo nyumba moja ikiungua, historia haiungui nayo.

Sasa tutazame ofisi ya leo. Mtumishi anapounda kompyuta pepe, yaani kompyuta isiyo na kiwiliwili chake, inayoendeshwa kwa programu ndani ya mitambo ya mtoa huduma wa wingu, huulizwa maswali kadhaa: ukubwa wa kumbukumbu, ukubwa wa diski, na mara nyingi kama anataka nakala zichukuliwe kila siku au kila wiki, na zitunzwe kwa muda gani. Akisoma mahali hapo neno hifadhi peke yake, atadhani ni ile diski aliyokwisha kuichagua, naye atapita. Kosa hilo halionekani siku hiyo; huonekana siku diski inapoharibika au mtu anapofuta faili kwa bahati mbaya. Aidha, kwa baadhi ya watoa huduma, mashine ikifutwa, nakala zake za kawaida hufutwa pamoja nayo.

Istilahi nakala rudufu, ambayo imeenea sana, ni bora kuliko hifadhi, kwa kuwa inatuambia kwamba vitu ni viwili. Lakini haituambii cha pili ni cha kazi gani. Nakala mbili katika kabati moja ni rudufu, na moto mmoja huzimaliza zote. Kwa sababu hiyo tunapendekeza hifadhi ibaki kwa mahali pa kuwekea data, rudufu itaje nakala yoyote ya pili, na nakala ya akiba itengwe kwa ile iliyowekwa mbali kwa kusudi la kurejesha kilichopotea.

Wahenga walisema akiba haiozi. Katika kazi hii hatuna budi kuongeza sharti: akiba isiyojaribiwa huoza bila harufu. Mfasiri akiandika kuweka akiba, na aandike kando yake kurejesha, kwani tendo la kwanza bila la pili halijakamilika. Na mwalimu awafundishe wanafunzi wake kwamba swali la akiba hujibiwa siku mashine inapoundwa, wakati bado hakuna kilichopotea.