Deni la mwalimu, toka 1966

Juzi mdogo wangu kapiga simu toka Migato: "Kaka, nikisomea ualimu, mkopo si utanimaliza?" Nikamwambia subiri, nikaenda kuchimba historia kwanza.

Swali lenyewe la zamani. Oktoba 22, 1966 wanafunzi wa Mlimani waliandamana hadi Ikulu kupinga Jeshi la Kujenga Taifa la lazima. Msomi alitakiwa kukaa kambini miezi 5, kisha miezi 18 kazini akilipwa 40% tu ya mshahara. Nyerere alikasirika kweli. Alijikata mshahara wake 20%, na wao karibu 400 akawarudisha makwao. Ila angalieni, kazi ilikuwepo inawasubiri!

Kuchangia gharama kulikuja 1992, Bodi ya Mikopo ikaanza kazi Julai 2005. Mwaka 2016 makato yakapanda toka 8% hadi 15%, yaani kila laki ya mshahara 15,000 inaondoka (mhh!). Afadhali ile tozo ya 6% ya kulinda thamani ilifutwa 2021.

Kwa hiyo 15% siyo inayonitisha. Enzi zile wizara ilikupangia shule. Sasa unaomba, unafanya usaili, unasubiri, na deni linaanza kudaiwa miezi 24 baada ya kumaliza chuo, mshahara uwepo usiwepo. Na mzee nyumbani anauza pamba msimu mmoja kwa mwaka.

Nikamshauri dogo achukue fizikia na hisabati. Kanijibu anapenda historia, kama mimi. Hapo nikaishiwa maneno.